Maneno Niliyoyaruka

Kwa miaka kumi na miwili nilisimama kando ya pasta kila Jumapili nikiwa na maiki ya pili. Pasta anasema kwa Kiswahili, ananyamaza, mimi nasema kwa Dholuo, nanyamaza, yeye anaendelea. Sikuwa nimesomea kazi hiyo. Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu za shule katika chumba cha kukodi Kianda, Kibera, karibu na shule ya Olympic. Mkalimani wa kwanza alihamia Kisumu, na siku aliyokosekana mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kiti cha mbele.

Kanisa letu lilianzia Kibera. Barabara mpya ilipopitishwa, jengo likawa njiani, na baada ya kuhangaika miezi kadhaa tulipata ukumbi wa mabati Kawangware, nyuma ya soko. Sisi waumini wa zamani tuliendelea kuvuka Ngong Road kila Jumapili, wengine kwa miguu, wengine kwa boda boda. Huko tulikuta watu wapya, Waluhya wengi, Wakikuyu, Wakisii, na wasichana wa kazi za nyumbani ambao Jumapili ndiyo siku yao pekee ya kutoka. Pasta mwenyewe ni Mluhya. Anahubiri kwa Kiswahili cha haraka, akichangamka anaongeza Kiingereza, na Dholuo hajui zaidi ya salamu.

Waliohitaji tafsiri yangu hawakuwa wengi. Wajaluo wa rika langu tunasikia Kiswahili vizuri. Niliwekwa pale kwa ajili ya wazee walioletwa mjini na watoto wao, na kati yao alikuwepo mama mmoja wa mtaa wa Silanga, hapo Kibera, tuliyemwita Dani, yaani nyanya, kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuja Nairobi kulea wajukuu wawili baada ya mke wa mwanawe kuondoka. Analima sukuma na kunde kwenye kipande cha ardhi karibu na bwawa na kuuza kando ya njia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuza mboga: bei, ongeza, leo hakuna, rudi kesho. Mahubiri yalimpita.

Niseme wazi nilivyokuwa nikitafsiri. Nilikuwa napunguza. Pasta si mtu mbaya, lakini mdomo wake una makali. Akisema, "Nyinyi wanawake wa kukaa kwa mlango mkisengenya, shetani anawajua kwa majina," mimi nilisema, "Akina mama, tuchunge ndimi zetu." Akitania kabila la mtu, niliruka. Sentensi yake ndefu ilitoka kwangu fupi na hakuna aliyeuliza. Waliojua lugha zote mbili wakati mwingine walitabasamu. Nilijiambia kazi yangu ni kufikisha maana, na sikujiuliza zaidi.

Tulipokuwa bado Kibera, mwana wa Dani alikufa. Alikuwa kibarua wa mjengo, na alikuwa mlevi. Sisemi kwa kumdharau, kila mtu Silanga alijua. Alikutwa asubuhi moja kando ya bwawa, uso chini. Kabla ya mwili kusafirishwa kwenda nyumbani, jeneza lililetwa kanisani kwa maombi. Dani aliketi mbele kabisa, mikono juu ya magoti, akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye aliyekuwa akimsikia.

Pasta alisimama na kusema, "Huyu ndugu tulimwonya. Tulimwonya hapa na tukamfuata hadi kwake. Akachagua chupa. Vijana, angalieni hili sanduku vizuri, kwa sababu hapa ndipo chupa inampeleka mtu." Akanyamaza, akingojea zamu yangu.

Nilileta maiki karibu na mdomo. Nilimtazama Dani, na hiki ndicho nilichosema kwa Dholuo: "Huyu ndugu alikuwa fundi. Mlango wa kanisa hili ulipoanguka, yeye ndiye aliyeuinua na kuutengeneza, na hakuomba malipo. Kila tunapoingia hapa tunapita kwenye kazi ya mikono yake."

Habari ya mlango ilikuwa kweli. Alikuja siku ya Jumatano akiwa hajalewa, na bawaba mpya mfukoni, na ni mimi niliyekuwa nikifagia siku hiyo. Pasta hakuwa ameitaja. Pasta aliendelea na chupa, mimi nikaendelea na mlango, hadi mwisho. Wajaluo waliojua Kiswahili waliniangalia, kisha wakaangalia chini. Hakuna aliyesema neno, siku hiyo wala baadaye.

Walipotoka kumzika, Dani alileta kuku. Alimkabidhi pasta kwa mikono miwili na kusema kwa Dholuo kwamba hatasahau maneno aliyosema juu ya mwanawe, kwamba shemeji yake aliyarudia pale kaburini, na watu wa nyumbani waliokuwa wakicheka walinyamaza.

"Anasema nini?" pasta aliniuliza.

"Anashukuru kwa maombi," nikasema.

"Mwambie amebarikiwa."

Nikamwambia hivyo. Hapo sikupunguza kitu.

Ilipita miaka minne, tukawa tumehamia Kawangware. Karani wa kanisa, dada wa miaka thelathini na kitu anayeendesha saiba, duka la intaneti, Kawangware, alikuja kwenye kikao cha wazee na pendekezo. Alisema kuna programu ya akili bandia inayosikiliza mtu akisema lugha moja na kutoa nyingine papo hapo. Tungeunganisha kompyuta yake na vyombo vya sauti, kila mtu angefungua simu, achague lugha, aweke earphone masikioni. Kikuyu, Kisii, Dholuo, chochote kilichokuwemo. Hata Wakongo wawili waliokuwa wakikaa nyuma bila kuelewa wangepata Kifaransa.

"Na wasio na simu kubwa?" mzee mmoja aliuliza.

"Tutakusanya zile za zamani, zimejaa kwa droo za watu," alisema karani. "Mi niko na tatu."

Jumapili iliyofuata pasta alinishika mkono mbele ya watu wote. "Mama yetu ametumika sana. Sasa atapumzika." Walipiga makofi. Maiki ya pili ilifungiwa kabatini.

Sikuumia kama nilivyotarajia. Nilikaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia mahubiri nikiwa msikilizaji. Ibada ilifupika kwa karibu saa nzima, kwa sababu hakuna kilichosemwa mara mbili. Watu walipata muda wa kupika. Wale Wakongo wawili walisogea kutoka viti vya nyuma, na mmoja alicheka mahali pa kucheka, sambamba na sisi wengine. Nililiona hilo na nilikubali kwamba ni jambo zuri.

Mashine ilikosea, bila shaka. Pasta aliposema Yesu alipaa, waliosikiliza kwa Dholuo waliambiwa habari za paa la nyumba. Siku aliyosoma habari za nabii aliyeguswa mdomo kwa kaa la moto, wazee walisikia kuhusu kaa wa majini, na Dani, aliyekulia kando ya ziwa, aliniuliza huyo kaa alipikwa na nani. Tulicheka. Karani aliandika makosa hayo kwenye daftari na wiki iliyofuata mengine yalikuwa yamerekebishwa.

Lakini mashine haikupunguza. Jumapili ya tatu au ya nne, Dani alitoa earphone sikioni katikati ya mahubiri na kunigeukia.

"Nyara," aliniita, binti yangu, "pasta amegeuka?"

"Amegeuka vipi?"

"Amekuwa mkali. Zamani alikuwa akizungumza kwa upole."

"Labda amechoka," nikasema.

Aliirudisha earphone na kuendelea kusikiliza, uso umekunjamana kidogo. Nilijua wakati huohuo kwamba nimeongeza uongo juu ya uongo, na nilibaki nimekaa.

Mwezi mmoja baadaye karani alitangaza kwamba ibada za zamani zilizorekodiwa, zikiwemo harusi na maombi ya marehemu, zitapitishwa kwenye mashine ili kila familia isikilize kwa lugha yake. Anayetaka aandikishe jina. Dani alikuwa wa pili kwenye foleni. Nilimwona akionyesha vidole kuhesabu miaka, na karani akiandika.

"Dani ameniomba," karani aliniambia baadaye, akiwa na furaha. "Anataka ile ya kijana wake. Kwa rekodi, sauti ya pasta iko na laini yake na yako iko na yako, kwa hivyo itakuwa safi sana. Nitaipitisha ya pasta peke yake. Nitampea Jumapili."

Ningeweza kumwambia karani asiipitishe. Nililifikiria hilo Jumatatu nikishona, na Jumanne. Ningesema rekodi imeharibika, naye angeniamini. Jumatano nilishona mfuko wa kaptula upande usiofaa, mara mbili. Alhamisi nilifunga duka mchana na kushuka Silanga.

Dani alikuwa shambani, ameinama akichuma kunde. Nilimsaidia kuchuma kwanza. Kisha nikasema, "Dani, ile rekodi uliyoomba, hutasikia habari za mlango."

"Kwa nini? Imekatwa?"

"Haijakatwa. Pasta hakusema habari za mlango. Ni mimi niliyesema."

Aliendelea kuchuma. Majani aliyokuwa ameshika yalipojaa kiganja, aliyaweka kwenye karai na kunyoosha mgongo.

"Yeye alisema nini?"

Nilimwambia. Nilisema habari za chupa na sanduku kama pasta alivyozisema, kwa utaratibu uleule, na nilisema pia kwamba aliwaambia vijana waangalie. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Waliosikia Kiswahili siku hiyo walikuwa wangapi?"

"Karibu wote."

"Kwa hiyo ni mimi tu." Alifuta mikono kwenye leso. "Na kuku? Alimla akijua ni wa nini?"

"Nilimwambia unashukuru kwa maombi."

"Shemeji yangu aliyasema maneno hayo kaburini, mbele ya watu. Yameshakuwa maneno ya boma letu."

"Nilikuonea huruma, Dani."

"Huruma hiyo ungeniuliza kwanza," alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilimzaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba kutoka kwa mlango wa wauza pombe. Ulidhani kuna jambo la mtoto huyo pasta angeniambia likanishinda?"

Mteja alikuja akataka kunde, Dani akampimia, akamwongezea. Mteja alipoondoka, aliniambia niende kabla mvua haijanikuta. Hakuniita nyara.

Jumapili, ibada ilipokwisha, karani alimketisha karibu na kompyuta na kumpa simu. Nilikaa viti viwili kando. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Haikuchukua hata robo saa. Alipomaliza alisema anataka kuonana na pasta, na karani akanitazama, kwa mazoea, ili nimpeleke.

"Huyu aje," Dani alisema, "lakini nitaongea kwa simu."

Chumba cha pasta kiko nyuma ya madhabahu, ni cha viti vitatu tu. Pasta alikuwa amevua koti na anakunywa chai. Karani aliweka simu mezani, akamwonyesha Dani mahali pa kugusa, akaondoka. Dani alisema kwa Dholuo, sentensi fupi fupi, akingojea mashine baada ya kila moja. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke kijana, ya taarifa ya habari.

"Nimesikia uliyosema juu ya mwanangu," simu ilisema kwa Kiswahili. "Kwa miaka minne nilidhani ulisema mengine. Nilikupa kuku kwa ajili ya hayo mengine."

Pasta aliweka kikombe chini. Alinitazama, mimi nikatazama simu.

Dani aliendelea. Kwa Dholuo alisema, "Najua mwanangu alikuwa mlevi. Sikukuhitaji wewe unijulishe." Katika Dholuo neno la kulewa na neno la kufurahi yanakaribiana sana, yanatofautiana kwa irabu moja tu, na Dani hana meno ya mbele.

Simu ilisema, "Najua mwanangu alikuwa mwenye furaha. Sikukuhitaji wewe unijulishe."

Pasta alitikisa kichwa polepole, uso ukalegea. "Ni kweli, mama," alisema. "Alikuwa kijana mchangamfu."

Dani alikuwa amenigeukia. Neno furaha alilijua kutoka kwenye nyimbo. "Imesema nini?" aliniuliza.

Nilikuwa na nafasi ya kuliacha. Lilikuwa kosa la mashine wala si langu, na lilikuwa zuri kuliko ukweli. Pasta alikuwa tayari amelainika, na mazungumzo yangeweza kuishia hapo vizuri, kwa pole na sala na mkono wa kwaheri. Nakumbuka nilitazama chai, ilikuwa imeanza kufanya utando.

"Imekosea," nilimwambia Dani. Kisha nikamgeukia pasta. "Hakusema furaha. Amesema anajua mwanawe alikuwa mlevi, na hakuhitaji wewe umjulishe."

Kutoka ukumbini tulisikia viti vikipangwa.

"Wewe ulimwambia nini siku hiyo?" pasta aliniuliza.

Nikamwambia. Alisikiliza habari ya mlango kama mtu anayesikia habari za mtaa mwingine.

"Ni kweli aliutengeneza?"

"Ni kweli. Siku ya Jumatano. Bawaba alinunua yeye."

"Mi nilidhani ni fundi wa landilodi." Alisugua macho. "Nilijua mama yake yuko hapo. Nilijua unamtafsiria. Nilisema yale maneno nikijua atayasikia, nikadhani ni dawa." Alisogeza kikombe. "Kumbe hata hakuyasikia."

Kisha akamgeukia Dani na kusema, "Pole, mama." Hilo halikuhitaji mashine. Dani aliinamisha kichwa kidogo, kisha akagusa simu tena na kusema jambo moja la mwisho, na safari hii simu haikukosea.

"Yale maneno ya mlango, uyaseme wewe. Kwa mdomo wako. Watu wakiwa wamekaa."

Pasta aliahidi. Jumapili iliyofuata hakusema. Nadhani Dani alihesabu, kwa sababu alitoka bila kumsalimia. Jumapili ya pili, katikati ya matangazo, baada ya habari ya kwaya na kabla ya habari ya maji, pasta alisema kwamba kuna ndugu aliyetutoka, akamtaja, akasema ndiye aliyetengeneza mlango wetu wa zamani kule Kibera, na kwamba kwenye maombi yake yeye pasta alisema ya kulewa akaacha ya mlango. "Nilikosea," alisema. Ilichukua muda mfupi kuliko habari ya maji. Hakusema vizuri, alikuwa akiangalia karatasi. Wapya wa Kawangware hawakujua ni nani anayezungumziwa. Wale wa zamani waligeuka kumtazama Dani, naye alikuwa ameshika earphone kwa kidole ili isitoke, akisikiliza sauti ile ya taarifa ya habari ikimwambia kwa lugha yake. Kisha matangazo yakaendelea.

Pasta hakuacha ukali. Alijaribu wiki mbili tatu, halafu akarudi kama alivyo. Dani aliendelea kuja. Mimi alinisalimia kama alivyowasalimia wengine, na alipokwenda hospitali kwa ajili ya macho alimwomba jirani yake amsindikize na kumtafsiria. Nililisikia hilo kwa watu.

Mimi nilipewa kazi nyingine. Kila Jumamosi alasiri naenda kwa karani, tunasikiliza Dholuo ya mashine, na ninamwambia palipokosewa. Tumelirekebisha paa. Neno la kulewa bado linasumbua. Mara nyingine mahubiri ni makali kiasi kwamba karani mwenyewe hunitazama, nami humwambia, "Hapo iko sawa, iache."

Mwanzoni mwa muhula uliopita Dani alikuja dukani Kianda na sketi ya mjukuu wake, msichana amerefuka, ikabidi nishushe pindo. Alikaa kwenye stuli akingoja. Nilipokuwa nakata nyuzi alitoa kwenye mkoba barua ya shule iliyokunjwa mara nne na kuninyooshea.

"Nisomee," alisema. "Yote."

Ilikuwa ya Kiswahili. Mwalimu alisema msichana ana akili ya hesabu, ila amekosa shule siku sita bila sababu na ameonekana sokoni na wavulana, na mzazi anatakiwa kufika Jumatatu. Nilimsomea yote kwa Dholuo, na pale pa wavulana nilisoma kwa sauti ileile.

"Imeisha?"

"Imeisha."

Aliichukua, akaikunja tena mara nne, akauliza sketi iko tayari. Nilimwambia bado pasi. Akasema atangoja.